Kushuka Mto kwa Mbao: Ni Nani Atamfikia Aliyeanguka?

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Merigi



Tumeombwa tuseme juu ya ombi la vijana. Wengi wenu mmelisikia sokoni likiwa limeongezwa chumvi, kwa hivyo tulieleze jinsi lilivyo. Vijana wanataka kushuka mto mpaka Ziwa Victoria. Hawataki kwenda kwa mtumbwi. Wanataka kwenda wakiwa wamesimama juu ya mbao, kila mtu na kasia lake, na mashua ya tanga iwafuate ikiwa imebeba chakula, maji ya kunywa na nguo kavu. Wanasema wanataka kuona udongo wa mashamba yetu unakwenda kuishia wapi, kisha warudi kusimulia katika vikundi na mashuleni. Wanaomba vikundi viwachangie.

Mzee mmoja alituuliza kama hao ni wazima. Tunajibu kwamba ni wazima, na nia yao ni nzuri. Mtu anayetaka kufuata udongo wake mpaka mwisho si mtu wa kuchekwa. Lakini nia nzuri haielei majini. Kwa hivyo tumekaa na ramani, tumewauliza watu waliokulia ziwani na watu waliofanya kazi mbugani, na leo tunawaletea yale tuliyoyaona.

Kwanza huo ubao. Ni kitu cha urefu wa mita 3 au kuzidi kidogo, na upana wa kutosha mtu kusimama miguu ikiwa imeachana. Siku hizi iliyo mingi ni ya kujazwa upepo kwa pampu. Ukiisha kujaa unakuwa mgumu kama meza, na ukitolewa upepo unakunjwa na kubebwa mgongoni, hata katika matatu unaingia. Chini yake upande wa nyuma kuna pezi kama la samaki, linaloufanya uende sawa. Anayeupanda husimama katikati na kupiga kasia refu upande huu na huu. Maji yakichafuka anapiga magoti. Mchezo huu ulitoka visiwa vya Hawaii, na hapa kwetu Afrika Mashariki mtauona Diani, Watamu na Kilifi, na kule Jinja nchini Uganda juu ya mto Nile, pale ambapo maji yametulia.

Mama mmoja aliuliza kwa nini wasipande mtumbwi kama watu wengine. Ni swali zuri, na sisi wenyewe tungependa mtumbwi. Mtu aliyesimama juu ya ubao anaona mbali, ni kweli, lakini anaanguka mara nyingi. Wala si ajali akianguka: kuanguka ni sehemu ya mchezo wenyewe. Na katika mto wenye mawe liko jambo lingine. Pezi likigusa jiwe, ubao unasimama palepale, na mtu anaendelea mbele kichwa kikitangulia. Basi anayepanga safari ya namna hii asianze kwa kuuliza, "Tutaanguka?" Ataanguka. Aulize hivi: akianguka mahali hapa, ni nani atakayemfikia, na kwa dakika ngapi?

Swali hilo ndilo tulilolichukua na kutembea nalo mto mzima, kipande kwa kipande. Na mtaona limebadilisha karibu kila kitu.

Tuanze hapa nyumbani. Sisi tuko kati ya mito miwili. Upande mmoja ni Nyangores, unaopita Tenwek na daraja la Bomet. Upande mwingine ni Amala, unaopita Mulot. Yote miwili inatoka msitu wa Mau, inakutana huko chini kabla ya mbuga ya Maasai Mara, na kutoka hapo inaitwa Mara. Tangu chanzo mpaka ziwani, upande wa Tanzania karibu na Musoma, ni kama kilomita 395. Huo ndio mto ambao vijana wameuandika katika barua yao.

Sasa fikirini juu ya mashua ya tanga. Mashua ya tanga inataka vitu vitatu: upepo, kina, na nafasi ya kugeuka. Nyangores hauna hata kimoja. Umejificha chini ya miti, ni mwembamba, una mawe, na pale Tenwek unaanguka kabisa kwenye maporomoko. Kutoka kimo cha Bomet mpaka kimo cha ziwa mto unashuka zaidi ya mita 700. Maji yanayoshuka hivyo hayatembei, yanakimbia. Hakuna nahodha wa tanga duniani atakayewafuata huko, na akikubali, huyo mwogopeni. Kwa hivyo sehemu yote ya juu, ile "mashua ya msaada" iliyoandikwa kwenye barua haipo. Imeandikwa tu.

Hata mashua isipokuwapo, mtu wa msaada anaweza kuwapo. Atasimama ukingoni akiwa na kamba. Kamba ya mita 15 au 20, ya namna inayoelea, imekunjwa ndani ya mfuko ili ikirushwa ifunguke yenyewe njiani. Anayejua kazi hii anasimama chini ya mahali pa hatari, siyo juu, kwa sababu aliyeanguka ataletwa na maji. Wanaofundisha uokoaji wa mtoni wana utaratibu wao: kwanza mnyoshee kijiti au kasia ukiwa nchi kavu, usipomfikia mrushie kamba, usipoweza nenda kwa chombo, kuingia majini mwenyewe ni la mwisho kabisa. Huku kwetu tunafanya kinyume. Mtoto akitumbukia, ndugu yake anaruka, na jioni tunalia wawili.

Na jambo moja la hiyo kamba ya mguuni. Mbao hizi huuzwa na kamba inayofungwa kwenye kifundo cha mguu ili ubao usimkimbie mwenyewe. Ziwani inafaa sana, kwa sababu upepo unaweza kuchukua ubao haraka kuliko mtu anavyoogelea. Lakini katika mto unaokimbia, kamba hiyo ni mtego. Ikinasa kwenye gogo, maji yanamlaza mtu chini na mkono wake haufiki mguuni. Mtoni inatakiwa ifungwe kiunoni kwenye mkanda unaofunguka kwa kuvuta mara moja. Vijana, andikeni hilo. Mkikodi mbao kwa mtu na akawaambia kamba ya mguu inatosha kwa mto, ondokeni.

Tuendelee chini. Mara ukiingia mbugani ni mwingine kabisa. Watafiti walihesabu viboko zaidi ya 4,000 katika sehemu ya Kenya peke yake. Kiboko mchana yuko majini na usiku anapanda kula majani, na hapendi kukuta kitu kati yake na maji yake. Mamba nao mnawajua kwa habari ya nyumbu. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wastani nyumbu zaidi ya 6,000 hufa maji kila mwaka katika mto huo wakati wa kuvuka. Mto unaolisha mamba namna hiyo si mahali pa kusimama juu ya ubao wa upepo. Tena huruhusiwi. Hiyo ni hifadhi, ina wenyewe na sheria zake, na upande wa pili ni Serengeti, nchi nyingine. Huwezi kuvuka mpaka kwa kuelea. Kituo cha uhamiaji ni Isebania kwetu na Sirari kwao, barabarani.

Kwa hivyo jibu letu kwa mto Mara ni hapana. Si hapana ya kuvunja moyo. Kuna kijana alisimama katika kikao kilichopita akasema wazee wanaogopa tu. Tunamwambia: tuliuliza swali lilelile, atakayemfikia aliyeanguka ni nani, na kwa kilomita nyingi sana jibu lilikuwa ni mamba.

Lakini udongo wa nchi ya majani chai hauendi kwa Mara peke yake. Wenzetu wa Konoin, Litein na Sotik maji yao yanaingia Itare na Kipsonoi. Mito hiyo inakutana na kuwa Sondu, ambao wengine huuita Miriu. Sondu unapita mji wa Sondu, unashuka milima kwa nguvu, halafu unafika uwanda wa Nyakach na kuingia ghuba ya Winam. Ziwa ni lilelile. Udongo ni uleule, mwekundu. Na mto wote uko Kenya, hakuna mbuga ya wanyama katikati. Huo ndio tunaopendekeza, tena si wote.

Kwa nini si wote? Chini ya mji wa Sondu kuna mitambo ya umeme ya KenGen. Kituo cha Sondu-Miriu ni cha megawati 60 na kinafanya kazi tangu 2008. Maji yanazuiwa kwa ukuta, yanaingizwa katika pango lililochimbwa mlimani kwa zaidi ya kilomita 6, yanazungusha mitambo, kisha yanatumika tena katika kituo cha Sang'oro chini yake kabla ya kurudi mtoni. Maana yake ni kwamba kuna kipande cha mto ambacho maji yake yanategemea watu wanaofungua na kufunga, siyo mvua tu. Unaweza kukuta mawe makavu saa 3 na maji ya kifua saa 5. Hapo hatupiti kwa maji hata kidogo. Tutapita kwa miguu au kwa gari. Na kabla ya kuingia mtoni chini ya mitambo, ni lazima watu wawili waende ofisini kwao na barua, waulize maji yanarudi wapi na yanapanda saa ngapi.

Kwa hivyo safari tunayoiona ni ya namna hii. Sehemu ya juu, nchi ya chai mpaka mji wa Sondu, ni ya kutembea kwa miguu ukingoni. Huku ndiko kwenye somo. Udongo hauanzi kuondoka ziwani, unaanza kwenye njia za ng'ombe zinazoshuka mtoni, kwenye shamba la mahindi lililolimwa mpaka ukingoni, kwenye mikaratusi iliyopandwa chemchemini. Aliye juu ya ubao anaangalia miguu yake asianguke, hawezi kuona hayo. Anayetembea anaona, tena anaweza kusimama na kuongea na mwenye shamba. Vijana wachukue chupa safi, wachote maji kila daraja, waandike jina la daraja na tarehe, na chupa zisimame usiku mmoja ili udongo utulie chini. Mkizipanga mezani hapa siku ya kurudi, hakuna mtu atakayehitaji hotuba.

Sehemu ya milima na mitambo, ni gari.

Sehemu ya mwisho, ule uwanda ambapo mto umepoa na kuanza kujipinda, hapo ndipo mbao zinawekwa majini, wenyeji wakikubali na baada ya kuutembea ukingo wote kwanza. Na mdomoni mwa mto, ambapo maji yanapanuka, hapo ndipo mashua ya tanga inapata kazi yake.

Tukae kidogo juu ya mashua hiyo, maana sisi watu wa milimani tunaiona kama gari la majini. Siyo gari. Haina breki. Ikipita mtu aliyeanguka, haiwezi kurudi nyuma, lazima izunguke. Tena haiendi moja kwa moja kule upepo unakotoka. Inakwenda kwa kukata huku na huku, ambako watu wa pwani wanakuita kubisha, na inachukua muda. Kwa hivyo mashua ya msaada haikai nyuma ya wenye mbao kama mchungaji nyuma ya ng'ombe. Inakaa upande unakotoka upepo. Mabaharia wa pwani wanauita upande wa joshi. Ikikaa joshini, mtu akianguka au akichoka, nahodha anaiachia inashuka kwake na upepo kwa dakika chache. Ikikaa upande wa pili, mtu anasukumwa na upepo kuja kwenye mashua, mtasema ni vizuri, lakini anayesukumwa kando ataipita, na nahodha ataanza kubisha kumfuata huku mtu anakwenda.

Pia upepo ukikatika, mashua ya tanga ni nyumba tu inayoelea. Kwa hivyo iwe na makasia mazito na watu wa kuyapiga, au iwe na injini ndogo nyuma. Tumesikia vijana wakisema injini inaharibu maana ya safari. Maana ya safari ni kurudi. Injini iwepo, na petroli yake iwekwe mbali na chakula.

Ziwa lina saa zake. Usiku na asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea majini. Mchana jua likipasha nchi, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na katika ghuba ya Winam ule wa alasiri hutoka magharibi na unaweza kuwa mkali. Wavuvi wameishi kwa saa hizo tangu zamani, wanatoka na huu na kurudi na ule. Kutoka mdomo wa Sondu kwenda Kendu Bay ni kuelekea magharibi. Basi hesabu ni rahisi: mbao ziwe majini alfajiri kukipambazuka, na kabla ya saa 5 kila mtu awe ameshuka nchi kavu. Mtu aliyesimama wima juu ya ubao ni tanga mwenyewe. Upepo wa magharibi ukimkuta, atapiga kasia mpaka mabega yawake na bado atarudi nyuma. (Waliofika Kendu Bay mapema watapata nafasi ya kuliona ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo hapo karibu. Ni mahali pa ajabu.)

Kuna gugumaji pia. Katika ghuba hiyo hulisukumwa na upepo kama kisiwa, leo liko huku, kesho limefunga bandari nzima. Mashua inaweza kushindwa kutoka. Hakuna ramani ya gugumaji. Ni kupiga simu kwa watu wa kamati ya ufuo, ile BMU ya wavuvi, jioni ya kuamkia safari, na kukubali wakisema msije.

Mtauliza kama kuna watu waliowahi kufanya safari ya tanga kwa sababu ya uchafu wa maji. Wako, tena ni jirani zetu. Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walijenga dau kwa plastiki iliyookotwa, karibu tani 10, na ubavuni likafunikwa kwa vipande vya malapa vya rangi zote. Wakaliita Flipflopi. Liliteremshwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kama kilomita 500, likitia nanga njiani ili watu waongee na shule na wenyeji juu ya takataka za plastiki. Mwaka 2021 lilikuja hata kwa ziwa letu, likaanzia Kisumu.

Tunawataja kwa jambo moja. Walikwenda kusini mwezi wa 1 na wa 2. Kwa nini? Kwa sababu hiyo ni miezi ya kaskazi, upepo unaotoka kaskazini na kukusukuma kwenda Zanzibar. Wangengoja kusi, wangepigana nao siku zote. Hawakuchagua tarehe kwa sababu ya likizo au mgeni rasmi. Waliupa upepo nafasi ya kupanga.

Kwetu sisi anayepanga ni mvua. Barua ya vijana imeandika mwezi wa 4, wakati shule zimefungwa. Mwezi wa 4 haufai. Hiyo ni mvua ya masika, mito yote inayotoka Mau inajaa. Tarehe 1 Mei 2024 mto Talek ulivunja kingo huko Maasai Mara usiku, na watalii wakatolewa kambini kwa helikopta. Tena mto haujazwi na mvua unayoiona. Mvua inapiga Mau alasiri, wewe uko chini jua linawaka, na maji yanakukuta baadaye yakiwa na magogo. Tunasema mwezi wa 1 au wa 2, maji yakiwa machache. Na hata hapo, maji yakibadilika rangi ghafla au majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, kila mtu anatoka mtoni bila kungoja kuambiwa.

Juu ya afya tuseme mambo mawili. Sisi ni watu wa baridi. Miili yetu haijazoea malaria kama ya watu wa ziwani, na mtoto wa Merigi akiumwa na mbu wa Nyakach anaweza kulazwa vibaya. Kila anayekwenda apite zahanati wiki kadhaa kabla, aulize dawa ya kuzuia, na alale ndani ya neti hata kama joto linamsumbua. Wiki mbili tatu baada ya kurudi, homa yoyote ni ya kupimwa, siyo ya kunywea chai ya tangawizi. La pili ni kichocho. Kiko ziwani, kinaingia kwa ngozi ukisimama kwenye maji ya pembeni yenye majani na konokono. Wenye mbao watalowa, hakuna njia. Wakirudi, waeleze zahanati walikuwa wapi ili wapimwe kwa wakati wake.

Viboko na mamba hata Sondu ya chini wapo, hasa karibu na mdomo na mafunjo. Si wengi kama Mara, lakini kiboko mmoja anatosha. Hapa hatuna maarifa ya kuwashinda wavuvi. Mwenyeji wa hapo atangulie kwa mtumbwi wake, alipwe ujira wake wote, na akisema tukate kona hii kwa miguu, tukate.

Sasa pesa, maana naona mweka hazina anaangalia saa.

Vijana wameandika mbao mstari wa kwanza na wamezipigia mstari chini. Tumegeuza karatasi. Mstari wa kwanza ni jaketi la kuelea kwa kila mtu, wa mbao na wa mashua, lenye kumtosha mwili wake na lenye kufungwa. Wa pili ni kamba na filimbi. Wa tatu ni mwenyeji wa mtumbwi na nahodha na watu wake. Wa nne ni gari. Wa tano ni mafunzo ya kuogelea. Mbao ni za mwisho, tena za kukodi pamoja na mwalimu wake, siyo za kununua. Pesa zisipofika mpaka mstari wa mwisho, safari itafanyika kwa miguu na mashua, na chupa za udongo zitajaa vilevile. Zikiishia mstari wa nne, hakuna anayeingia mtoni.

Pesa za mzunguko za akina mama zisiguswe. Hizo zina zamu na kila mmoja anajua yake. Mchango uwe wa hiari, baada ya bonasi ya chai, uandikwe katika daftari lake peke yake na risiti zisomwe hapa.

Kuogelea ni jambo gumu kwetu, tuseme ukweli. Wengi tumekulia kando ya mto tukiambiwa tusiukaribie, na wazazi walikuwa na sababu. Vijana wanane wameandika majina. Tulipouliza anayejua kuogelea, mikono iliinuka minane. Tulipouliza anayeweza kuelea dakika kumi bila kugusa chini, ilibaki mitatu. Hatuwalaumu, wamesema kweli mbele ya watu. Lakini tumekata hivi: ambaye hajaelea dakika kumi mbele ya mwalimu, akiwa na nguo zake, hapandi ubao, hata akiwa amechanga zaidi ya wengine. Atakuwa mtu wa kamba. Na mtu wa kamba, kama tulivyosema, ndiye anayefanya safari iwezekane. Wasichana wawili walio katika orodha wasiambiwe wakapike. Mmoja wao ni kati ya hao watatu.

Siku yenyewe majini, wenye mbao wasizidi wanne kwa wakati mmoja. Mwepesi asikimbie, mwendo ni wa aliye mzito kuliko wote. Wa mbele asipitwe na wa mwisho asiachwe. Filimbi moja ndefu ni simama, tatu ni msaada. Katika mashua mtu mmoja kazi yake iwe ni kuhesabu vichwa tu, hapiki, hapigi picha. Na anayeweza kusimamisha safari awe mmoja, mtu mzima asiyepanda ubao, ili tamaa isimsumbue. Nahodha naye juu ya tanga hajadiliwi.

Tumebakiwa na hodi. Mto unapita kwa watu. Tutaandika barua kwa machifu wa kila mahali, Litein mpaka Nyakach, tukieleza ni vijana gani, wanatafuta nini na watalala wapi. Watu wakiona kundi la wageni na chupa ukingoni watafikiri ni wapimaji wa ardhi, na mnajua jinsi hayo yanavyoweza kuishia. Kila kijiji watakapolala, wawe na dakika chache za kuwaeleza wenyeji wameona nini huko juu, na wawasikilize wao pia. Wale wa chini wana maneno yao juu ya udongo unaowafikia, na si yote ya kutufurahisha.

Vikundi vikikubali, watu wanne watakwenda kwanza bila mbao kabisa: kijana mmoja, mama mmoja, mmoja wetu, na mtu mmoja anayejua Kijaluo vizuri. Watatembea ule uwanda kutoka chini ya mitambo mpaka ziwani, watapitia ofisi ya mitambo na BMU, na watarudi na jibu la swali letu kwa kila kona. Wakisema kona tatu hazina jibu, kona tatu tutazipita kwa miguu. Nauli yao ni ndogo na tunaomba ipitishwe leo. Kamba mbili zimeshaahidiwa. Bado filimbi, na bado hatujapata mwalimu wa kuogelea, kwa hivyo mwenye kumjua mmoja aje hapa mbele tukimaliza.